Kioo Changu Kiko Nul

Kioo cha darubini nilikisaga kwa mikono miezi minane, nyumbani kwetu Kagugu, juu ya pipa. Nilitumia unga wa kusagia, maji, na subira ya mama, ambayo ilikwisha mwezi wa tatu lakini akaendelea kuitoa. Ijumaa dada yangu alikuwa anapanda basi kwenda Nairobi, ambako kuna fundi wa kupaka vioo alumini. Safari nyingine hakuwa nayo. Kwa hiyo Alhamisi nilipaswa kujua: kioo kimeiva, au bado.

Kupima ni hivi. Unaweka taa ndogo mbali na kioo, mwanga unarudi, unaukata kwa wembe na kuchungulia vivuli vinavyotokea usoni mwa kioo. Shida ni kwamba kioo cha darubini hata kikiwa sahihi kabisa kinaonyesha vivuli, na mimi kuvisoma sijui. Ndiyo maana watu huweka lenzi njiani mwa mwanga. Lenzi inavifuta vile vivuli vyenye haki ya kuwepo. Kinachobaki ni kosa lako. Kama hukukosea, uso wote unageuka kijivu kwa pamoja.

Lenzi yangu ilitoka kwenye projekta iliyokufa, sokoni Kimironko. Muuzaji aliisugua kwa shati lake. "Hii iko nzima," alisema. "Iliyokufa ni projekta."

Nilipimia chumbani kwa mama, kwa sababu ndicho kirefu kuliko vyote. Mwanzoni niliona kilima katikati ya kioo, kama andazi. Nikakaa kitandani kwake, nikaomboleza kidogo. Kisha nikagundua lenzi nimeiweka kinyume, tumbo lake linatazama upande usio wake. Nikaigeuza, nikasogeza wembe. Kijivu. Kijivu kila mahali, hakuna kilima, hakuna shimo. Nimewahi kuona vitu vizuri, lakini sijawahi kufurahia kutoona kitu namna ile.

Kipimo kikitoka hivyo, bila kosa, kwa Kiingereza kinaitwa null. Neno lenyewe nilikuwa nimelisoma tu kwenye simu, sijawahi kulisikia, kwa hiyo nililitamka jinsi nilivyoliona.

"Mama! Kioo iko nul! Iko nul kabisa!"

Mama alisoma Bujumbura, kwa Kifaransa. Huko nul ni "haifai kitu", neno analoandika mwalimu kwa wino mwekundu. Alinitazama ninavyocheka, akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Mungu ameona umejaribu."

Nilidhani anazungumzia ile miezi minane. Nikamshukuru.

Ijumaa asubuhi nilitumwa dukani. Niliporudi, dada alikuwa ameshakwenda kituoni, na kioo kiko mezani, kimefungwa vizuri kwenye kitenge.

"Nimemwambia asikibebe," mama alisema taratibu. "Kwa nini uchekwe mpaka Nairobi?"

Nilipanda pikipiki nimekikumbatia. Dereva akauliza nimebeba nini. Nikasema kioo. Akapunguza mwendo. Nikamwomba aongeze. Akaniuliza nimeamua nini.

Dada alikuwa dirishani, basi linanguruma.

"Si mama amesema ni nul?"

"Ndiyo, ni nul!"

"Sasa nakipeleka cha nini?"

"Kwa sababu ni nul!"

Abiria aliyeketi kando yake akamwambia, "Pokea tu, dada. Ukibishana naye ataingia humu." Dada akakipokea, akakiweka mapajani. Basi likaondoka.

Nyumbani nilimweleza mama tangu mwanzo: taa, wembe, lenzi. Alikuwa anachambua dodo, mboga yetu ya jioni, na hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo usipoona kitu, ndiyo umeshinda."

"Ndiyo, mama."

Alifikiri. "Mimi Bujumbura nilipata nul mbili za hesabu. Hakuna aliyenikimbiza kituoni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifuta mikono, akachukua simu, akampigia dada.

"Hiyo kioo," alimwambia, "usiiweke chini. Hata mpakani wakikuambia uiweke."