Kile Kipande Kisicho na Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza na kelele za sahani. Nilikuwa mama ntilie pale Mukendo, mjini Musoma, na watu wa kipindi cha televisheni waliokuwa wakila kwangu wakaniomba nikawapikie kambini. Kipindi chenyewe ni hiki mnachokiita rialiti: wanawafuata watu na kamera, eti waishi kama kawaida yao. Nikapika sato na ugali wa muhogo. Wale vijana waliokuwa wanapigwa picha wakala nusu, wakaitwa nje. Mimi nikanyoosha mkono niondoe vyombo.

"Mama, usiguse!" Meneja wa kambi alipiga ukelele kama nimekanyaga mtoto. "Hiyo ni kontinyuiti!"

"Baba, mimi naona ugali uliopoa."

Akacheka, akanielewesha vizuri. Kontinyuiti maana yake picha ya asubuhi na ya mchana zilingane. Samaki akiwa ameliwa ubavu mmoja, akirudi mezani awe ameliwa ubavu uleule. Kuanzia hapo nilikuwa nakaangaga samaki wa akiba, wote saizi moja, maana wakirudia tukio walihitaji mwingine. Kila kurudia wanaita teki.

Kwa hiyo nyie wajukuu mkiniuliza kama yale mambo ni ya kweli au wanaigiza, mimi naanzia kwa samaki. Teki ya kwanza mtu anakula kwa njaa. Teki ya tatu anakula kwa sababu kaambiwa.

Tukahamia Bunda. Pale wasichana wawili waligombania kitanda, na waligombana kweli, nilisikia toka jikoni. Walipokwisha kupatana, Dairekta, ndiye mkubwa wa picha zote, akawaambia, "Sasa gombaneni tena, ila huku upande wa jua." Wakagombana upande wa jua. Kipindi kilipoonyeshwa, wateja wangu wa zamani wakanisimamisha barabarani: "Yule mrefu ana roho mbaya!" Roho mbaya wapi? Yule mrefu ndiye alikuwa akinimenyea ndizi kila asubuhi, na hakuna aliyemtuma.

Dairekta alikuwa mtu mkali, neno "pole" hakulijua. Lakini sijawahi kumwona akishika chakula kabla madereva hawajala. Mtu wa namna hiyo namvumilia ukali wake.

Kisha tukaenda Kibara, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Kwenye kipindi kulikuwa na mke na mume, Nyamisi na Marwa. Nyamisi ni binti wa Kibara, baba yake mvuvi. Marwa alikuwa mchimbaji dhahabu kule Buhemba, na alimchukua binti bila kufika kwao. Mzee akatangaza kwamba hana mkwe. Sasa Nyamisi alikuwa mjamzito, wamekuja kuomba radhi, na kamera ziko nyuma yao. Asubuhi ile alikaa jikoni kwangu, uji ukampoa mkononi.

"Bibi, akitufukuza, huyu wa tumboni atamwita nani babu?"

"Kunywa uji. Hajakufukuza bado."

Uani kwao mzee alimwangalia Marwa toka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Wewe ndiye unayechimba?"

"Ndiyo, Tata," Marwa akajibu. Tata ndivyo tunavyomwita baba.

"Umechimba mpaka ukafika kwangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee akainuka, akaingia ndani, na sisi wote tukajua yamekwisha. Akatoka amevaa koti lake la kanisani, mkononi kikombe cha maji. Akayaweka maji mdomoni, akawapulizia kifuani, binti na mkwe, halafu akasema maneno ya baraka. Nyamisi alilia mpaka akakaa chini. Na mimi nililia, na sufuria nimelishika.

Kijana wa sauti akavua vile vya masikioni. "Bosi, hamna kitu. Koti limefunika maiki, linakwaruza tu."

Dairekta akasogea. "Mzee, samahani, tunaomba turudie kidogo."

Kwetu baraka ya baba hairudiwi. Ukiitamka mara ya pili, umeifuta ile ya kwanza. Nyamisi akamshika baba yake miguu: "Tata, usirudie! Nakuomba, usirudie!"

"Unataka nimnyang'anye mwanangu nilichompa sasa hivi?" mzee akamuuliza Dairekta.

"Hapana, Mzee. Ila bila sauti watu hawataamini."

"Wasiamini. Mimi sikuwa naongea nao."

Dairekta alisimama pale, na nilimwonea huruma. Kile ndicho kipande ambacho wakubwa zake walikuwa wanakisubiri, safari yote ilikuwa kwa ajili yake. Angeweza kuwakumbusha karatasi walizosaini za kukubali kupigwa picha. Akamtazama yule binti pale chini, akasema, "Zimeni kamera. Mama, tupe chakula."

Kikaonyeshwa hivyohivyo, midomo inacheza, sauti hakuna.

Siku hizi magoti yamekataa jiko kubwa, nimetulia hapa Butiama. Kazi ile ilinijengea nyumba hii na kunipa watu, na namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Marwa na Nyamisi huwa wanapita kunisalimia wakitoka Buhemba. Mtoto wao likizo anakwenda Kibara, babu yake anamfundisha kuparua samaki.

Nyie mkiangalia kipindi kile, ugomvi wa kitanda mnauamini, mnatukana mpaka runinga. Kikifika cha Kibara mnaguna: "Bibi, hapo wameigiza, mbona wamezima sauti?" Nikiwaambia nilikuwepo, mnanibana niwatajie mzee alisema nini.

Nilisimama karibu naye. Nilisikia kila neno.

Ongezeni sauti mkitaka. Mimi siyarudii.