Mafuta Yaliyoganda Kasense

Mimi ni mwalimu wa kemia, na baridi ya Julai imeniumbua. Nilinunua dumu la mafuta ya alizeti kwa mama mmoja mwenye mashine ya kukamua, pale Kasense. Kulipokucha nikakuta mafuta yamepoteza mng'ao, chini yametuama mabonge meupe. Nikalirudisha dumu, nikamwambia mbele ya wateja, "Mama, umechanganya na mafuta ya ng'ombe. Kemia naijua."

Mama alilisogeza dumu karibu na injini ya mashine iliyopata moto, akaendelea na kazi. Mimi nikawahutubia wateja kuhusu uaminifu, kwa kirefu, hadi mafuta yakapata joto, mabonge yakayeyuka, yakang'aa kama nilipoyanunua.

"Ni baridi tu, mwalimu," akasema taratibu. "Binti yangu ndiye aliyenieleza. Anasema ulimfundisha wewe."