Firigisi ya Mzee Mniko

Nimechoka na Mzee Mniko wa Genkuru, na nalisema waziwazi ingawa ni mtu mzima na kila nikimwona nampa shikamoo yake. Mkwewe, Wegesa, anafuga kuku nyuma ya nyumba. Mimi nakaanga chipsi mayai pale Nyamongo, na Wegesa ameniahidi mayai tangu mvua za vuli. Mayai yenyewe sijayaona.

Si kosa lake. Kabla ya kuku alionao sasa alikuwa na vifaranga wengine, akawafungia bandani kwa kuogopa mwewe na bodaboda, akawalisha mahindi ya kuparaza na majani. Wakaanza kusinyaa na kufa mmoja mmoja, magole ya shingoni yamejaa, magumu. Kuku hana meno. Chakula anakisaga kwa vijiwe anavyomeza, vikakaa kwenye firigisi. Anayezurura anaviokota mwenyewe, sasa wa bandani ataviokota wapi? Wegesa aliwalilia wale vifaranga mpaka nikamwonea huruma, kisha akaanza upya, safari hii na kopo la changarawe mlangoni mwa banda.

Changarawe anaponda mwenyewe. Anaokota mawe korongoni, anayagonga kwa nyundo, anapeta, anaosha. Mchanga wa kwenye makarasha, wanakosaga mawe ya dhahabu, hataki hata kuusikia kwa sababu una zebaki. Mimi nikampelekea mfuko mzima wa maganda ya mayai kutoka kibandani kwangu. Akautundika kwenye msumari.

"Bado, dada Shamsia. Hawa wachanga, chokaa ikizidi itawaharibu figo. Wakianza kutaga ndiyo nitawapa. Saa hizi ni vijiwe tu."

Nikasema haya, mwenye kuku ni wewe.

Lakini mwanamke anaponda mawe, karibu na mgodi, nani asigeuze shingo? Mzee Mniko alimaliza ujana wake kwenye mashimo ya dhahabu akatoka na kikohozi tu. Siku moja akachinjiwa jogoo, akapelekewa firigisi nzima, kwani katika nyumba ile firigisi ni ya baba mwenye mji na hakuna mwanamke anayeitia kisu. Akaipasua. Ndani kukawa na kijiwe kinachong'aa njano. Basi, tukaisha.

Alikipeleka kwa wasaga mawe, wakacheka. Akasema wanataka kumdhulumu. Kuanzia hapo mzee akawa mkarimu wa ajabu! Fundi baiskeli akipita, kuku. Mzee wa kanisa akipita, kuku. Hata mtu aliyeuliza njia ya kwenda mnadani alikalishwa akachinjiwa. Mgeni anakula nyama, firigisi inarudi kwa mwenyewe, naye anaiangalia juani kama mtu anayesoma dawa. Wegesa afanye nini? Mkwe habishani na baba mkwe. Mumewe yuko Mugumu kwenye ujenzi, akipigiwa simu anasema, "Si unamjua baba?" Tunamjua, ndiyo maana tunapiga.

Wiki iliyopita nikafunga safari kwenda kujionea. Mitemba, kuku jike wanaokaribia kutaga, walikuwa wamebaki wanne, vilemba vyekundu, wanazunguka wakitafuta pa kutagia. Nikafurahi mno. Hata sijakaa sawasawa, nikasikia sauti ya mzee.

"Mgeni wetu Shamsia! Hawezi kuondoka hivihivi. Muiteni Dullah wa bodaboda aje achinje, huyu ni Mwislamu."

"Baba, mimi nimeshakula," nikasema. "Baba, nina haraka. Baba, mimi nimefuata mayai!"

"Mayai utayapata. Kaa."

Wegesa alinitazama, akainamisha kichwa. Dullah akaja, akamkamata yule mkubwa kuliko wote. Nilitamani ardhi inimeze. Kuku niliyemsubiri miezi yote ile anauawa kwa heshima yangu!

Jikoni Wegesa alipompasua, mkono wake ukasimama. Tumboni mlikuwa na viini vimepangana kama shanga, vidogo kwa vikubwa, na mbele yake yai zima, ganda limeshakuwa gumu. Lilikuwa bado na joto. Aliiweka firigisi kwenye sahani ya mzee bila kuitia kisu, akaweka yai pembeni yake, akampelekea. Mimi nikamfuata.

Mzee akapasua, akamwaga vijiwe kiganjani, akavigeuzageuza. Ndipo akaliona yai.

"Na hili? Si mlisema hawajaanza kutaga?"

Miaka yote ya ndoa yake sijamsikia Wegesa akimjibu baba mkwe zaidi ya "ndiyo."

"Limetoka humo humo, Tata," alisema. "Lilikuwa la kesho."

Akageuka, akautungua mfuko wa maganda kutoka kwenye msumari, akakaa na kinu na kuanza kutwanga. Waliobaki watatu walikuwa wanamwangalia kutoka bandani. Mzee aliusikiliza mchi kwa muda, yai kwenye mkono mmoja, vijiwe kwenye mwingine. Kisha akainuka kwa shida, akaenda mpaka kwenye kopo la changarawe, akavirudisha vyote, hata kile cha njano alichokuwa amekihifadhi mfukoni.

Alipopita mbele yangu alisimama, akanikazia macho kana kwamba mlafi ni mimi.

"Shamsia," akasema, "siku nyingine uje umeshiba."