Unga wa Lishe Alioleta Mama Mkwe

Siku hizi binti yetu ni mkubwa, anajipikia mwenyewe. Mimi ndiye ninayekumbuka zile asubuhi, labda vibaya, lakini nazikumbuka.

Alikuwa anakula huku anakonda, tumbo limejaa kama ngoma. Tulimpa dawa za minyoo mara tatu, au nne, sitaki kudanganya. Mwishowe daktari mmoja akasema ni ngano: utumbo wake haupatani nayo, asiile maisha yake yote. Nikaacha kukaanga maandazi hapa nyumbani Tunduma, na mtoto akaanza kupata nguvu.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Mbangala kumwona. Nikamweleza: asipewe mkate, maandazi wala chapati.

"Wewe mke mwenzangu," akamtania mjukuu wake, "kwa mbavu hizi mume wetu atakuacha!"

"Abaki na wewe bibi, huna meno!"

Tulicheka mpaka machozi.

Kila asubuhi alimpikia uji wa unga wa lishe aliokuja nao. Kwetu mtu akidhoofika, dawa ya kwanza ni lishe. Wiki ya pili kuharisha kukarudi, mtoto akawa anatembea ameshika ukuta. Nikauliza unga ule una nini.

Akahesabu kwa vidole. "Mahindi, ulezi, karanga, soya, mchele. Na ngano kidogo, ili apate damu."

Nilimpandishia sauti, mama wa mume wangu. Naandika kwa aibu, maana kosa lilikuwa langu zaidi. Nilimkatalia vitafunwa, sikumtajia unga.

Aliufunga ule mfuko wa unga. Halafu akasema, "Basi hata mashine haifai, mwanangu. Si inasaga ngano ya watu?"

Mimi nisingewaza hilo. Akaazima jiwe la kusagia kwa jirani, akapepeta ulezi, akapiga magoti akasaga. Ule mkwaruzo wa jiwe na harufu ya ulezi mbichi, hadi leo navitamani.

Mtoto alikitazama kikombe cha uji. "Bibi, nitaumwa tena?"

"Sijui, mjukuu wangu. Nimesaga mwenyewe."

Mtoto akanigeukia mimi. Nikamwambia anywe, ingawa sikuwa na hakika.

Alikunywa nusu. Bibi akachukua kigoda, akaketi karibu na mlango wa choo hadi jioni. Mtoto hakwenda hata mara moja.