Mgeni wa Chumba cha Mbele

Mwishoni mwa enzi za Mwingereza, mimi na mume wangu tuliichukua nyumba ya wageni kando ya mto, karibu na Wete. Mjane aliyeiendesha tangu kufiwa na mumewe alikuwa amechoka. Wiki moja baadaye akabisha hodi, kabeba kikapu.

"Nataka chumba cha mbele," alisema. "Miaka yote nawatandikia watu, mwenyewe sijapata kulala humu kama mgeni."

Nilimtandikia shuka jipya, nikampelekea chai na chapati. Alifurahi kama bibi harusi. Asubuhi nikamkuta jikoni, anageuza chapati.

"Bi Mkubwa, si wewe mgeni?"

"Nilikuwa," akacheka. "Lakini chapati zako ngumu, mwanangu."

Hakuondoka tena, nasi hatukutaka aondoke.