Toba Iliyomuumiza Mwenzangu

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa nakata miti kule Elburgon, na nilikuwa nimeokoka kwa furaha sana. Msumeno wetu ulikuwa wa watu wawili: mimi upande huu, rafiki yangu upande ule. Kazi yenyewe ni kuvuta tu. Mwenzako akivuta, wewe unalegeza mkono; ukisukuma, msumeno unapinda na nyapara anakutukana. Tulielewana vizuri, hata tulipanga siku moja tununue lori letu, ingawa mipango niliitaja mimi. Yeye alikuwa na kigugumizi, kwa hivyo maongezi mengi niliyabeba mimi.

Sisi waliookoka tulikuwa na desturi ya kuweka mambo nuruni. Jumapili unasimama mbele ya ndugu, unataja dhambi yako bila kuficha, halafu wanakuimbia. Basi nikasimama. Nikasema nimekuwa nikimkasirikia rafiki yangu moyoni kwa ajili ya kigugumizi chake, kwamba kumngoja kunanichosha. Wakaimba. Machozi yakanitoka, nikajisikia mwepesi kabisa. Yeye alikuwa ameketi benchi la nyuma.

Jumatatu nikakuta amemwomba nyapara ampe mtu mwingine wa kuvuta naye.

Nilichanganyikiwa. Si nilitubu? Nikamfuata pale alipokuwa akinoa meno ya msumeno.

"Umenikasirikia, na mimi nimeshasamehewa?"

"Ulitu-tubu dhambi yako," akasema, "au uli-uli..."

"Niliiungama, ndiyo, mbele ya watu wote."

Akaweka tupa chini. "Ona. Hata sasa. Nilitaka kusema, au ulita-tangaza aibu yangu?"

Mzee mmoja aliyekuwa akipasua kuni karibu nasi akacheka. "Huyu kijana akiomba, hata Mungu hapati nafasi ya kuitika."

Niliingia msituni nikapiga magoti, nikajichunguza vile tulivyofundishwa: uongo, wivu, tamaa. Zote nilizipata, kidogo kidogo, lakini hii aliyonishtaki nayo sikuiona mahali. Maana kila neno nililommalizia nililihesabu kuwa wema. Sasa kama dhambi imekaa ndani ya wema wangu, niangalie wapi tena? Nikasema, "Bwana, nionyeshe," na kabla sijavuta pumzi nikawa nimeshaanza kumweleza Bwana cha kunionyesha. Hapo nikanyamaza kwa woga.

Jioni nilimrudia. Nikamwuliza kama atakubali tena kuvuta na mimi, kisha nikafunga mdomo. Akaanza neno, likakwama. Mdomo uliniwasha, jibu zima nilikuwa nalo, zuri, la kutupatanisha. Nikangoja. Jasho lilinitoka kuliko la kazi.

"Si-sijui," akasema.

Silo nililokuwa nimemtayarishia. Nikabaki nimesimama, nisijue kama niondoke au niketi, naye hakunifukuza.