Kidonge cha Usingizi na Kisicho cha Usingizi

Leo muuzaji wa duka la dawa hapa Bwera, Uganda, ameniuliza swali.

Mzio wa vumbi ulinishika, chafya juu ya chafya. Akaweka pakiti mbili mezani.

"Mama, hii inaleta usingizi. Hii haileti. Nyumbani uko na mutu wa kukuamsha?"

Jamani!

Miaka ya sabini hapa tulipata cha usingizi tu. Nikikimeza nilikuwa nalala fofofo. Marehemu mume wangu alikuwa akirudi kutoka mpakani Mpondwe, anapika ndizi mwenyewe, ananiamsha nile.

Nikasema, "Nipe isiyoleta usingizi."

Nimemeza kidonge kimoja. Chafya zimekwisha.

Sasa nyumba imenyamaza kabisa.

Mwenye nafasi kati yenu mnaosoma hapa anisalimie, hata neno moja.